Tupeane uzoefu: Intaneti inayobanwa ukishusha au kutuma mafaili mazito

Fundi Kompyuta (Dar es Salaam)

Wakuu, shikamooni wakubwa, wengine salaam. Uzi huu ni wa wale wanaoshusha au kutuma mafaili mazito na wamewahi kuona kasi inakatwa katikati ya kazi. Semeni mko wapi, mlikuwa mnafanya nini, na mlijuaje kwamba mmebanwa ninyi na si mtandao mzima uliolemewa. Majina ya kampuni tuyaache, maana nataka tujadili tabia yenyewe.

Naanza mimi. Nafufua kompyuta za zamani kwa kuziwekea Linux, mfumo endeshi wa bure badala ya Windows, hasa matoleo ya Ubuntu na Mint. Mafaili yake ni ya bure, na wenyewe wameweka torenti rasmi kwenye tovuti zao ili watu wagawiane, yaani kila anayeshusha anawapa wengine vipande vya faili kutoka kompyuta yake. Ofisini nina faiba ya kulipia kwa mwezi. Asubuhi torenti inashuka vizuri. Ikifika saa mbili usiku inatambaa, lakini kwenye laini hiyohiyo YouTube inacheza bila kukwama. Nikichukua faili lilelile kwa kivinjari kutoka seva ya kawaida, linakuja haraka. Nikiwasha VPN, ile programu inayomficha mtoa huduma unachofanya mtandaoni, torenti nayo inapanda. Mambo hayo yote yakitokea saa ileile, msongamano peke yake hauyaelezi. Kuna mtambo unatazama aina ya trafiki, yaani data inayopita, na kuipunguza. Nilipiga huduma kwa wateja, nikaambiwa nizime ruta niiwashe tena.

Hili halikuanzia kwetu. Mwaka 2007 Marekani, mhandisi wa mitandao anayeitwa Robb Topolski aligundua kuwa kampuni ya Comcast inavuruga BitTorrent, yaani torenti, za wateja wake. Alikuwa anagawa muziki wa zamani wa waimbaji wa mtindo wa "barbershop", ambao hakimiliki yake imekwisha, na haukuwa unatoka. Alipochunguza pakiti, vile vipande vidogo vya data vinavyosafiri mtandaoni, akakuta zile za kukata muunganisho zinapenyezwa katikati, zimeghushiwa zionekane zimetumwa na kompyuta ya upande wa pili. Oktoba mwaka huo shirika la habari la AP likafanya jaribio lake kwa kugawa Biblia ya King James, likaona kitu kilekile. Kampuni ilikuwa imekana kuzuia chochote. Baadaye ikasema inachelewesha tu.

Hapo ndipo penye hoja yangu. Mwenye mtandao akisema waziwazi "saa fulani hadi saa fulani tunapunguza hiki kwa sababu hii", naweza kukubali au kuhama. Kunipunguzia kimyakimya, kisha kuniambia tatizo ni ruta yangu, ni kunidanganya na hela yangu umeshachukua.

Karibuni.

Mkweli Daima (Mwanza)

Mkuu, tuseme ukweli. Wanaoshusha Linux ni wangapi? Torenti nyingi hapa mjini ni muvi na sirizi za watu. Kampuni ikibana, mimi siilaumu sana.

Fundi Kompyuta (Dar es Salaam)

Mkweli, sikupingi kuhusu muvi. Hakimiliki ina sheria zake, na mwenye kazi ana haki ya kudai. Lakini ule mtambo hausomi kama ni muvi au ni Ubuntu, unaona umbo la trafiki tu. Ndiyo maana hata Biblia ilikatwa.

Kijana wa Kilwa (Ujerumani)

Naongezea kwa Mkweli. Huku niliko, kasi ya torenti sijawahi kuona ikiguswa. Kinachokuja ni barua ya wakili. Wenye filamu wanaingia kwenye kundi la wanaogawa, wanaandika anwani za IP, namba zinazotambulisha kila laini, wanapata jina la mwenye laini kupitia mahakama, kisha wanakutumia madai ya mamia ya yuro. Nilikuwa nakaa nyumba ya pamoja na wanafunzi wenzangu. Mmoja wetu alishusha filamu, barua ikaja kwa aliyeandikisha intaneti, na yeye hata hakuwepo nyumbani wiki ile. Jamaa mnaokuja huku kusoma, lizingatieni sana hilo.

Waya na Mnara (Nairobi)

Hamjambo wadau. Niwape upande wa pili, kwa sababu mimi ndiye nabana. Nasambaza WiFi kwenye ploti za mtaani. Nanunua laini ya jumla kutoka kwa kampuni kubwa, naigawa kwa nyumba nyingi. Hakuna mtoa huduma wa bei hizi anayeweza kumtengea kila mteja kasi yake kamili saa ishirini na nne. Hesabu inategemea watu kutotumia vyote kwa wakati mmoja.

Torenti inaharibu hesabu hiyo kwa njia mbili. Ya kwanza, nafasi kwenye laini kwa kawaida hugawanyika kwa kila muunganisho, haigawanyiki kwa kila mtu. Mama anayesoma ujumbe ana muunganisho mmoja au miwili. Kijana wa torenti anafungua makumi, wakati mwingine mamia, kwa hiyo anachota fungu la watu wengi akiwa mmoja. Ya pili ndiyo huniumiza zaidi, nayo ni kupandisha. Akimaliza kushusha, kompyuta yake inaendelea kuwagawia wengine usiku kucha. Njia ya kupandisha kwenye mitandao mingi ni nyembamba kuliko ya kushusha, na ikijaa hata kubofya ukurasa kunachelewa, maana ombi lako lenyewe linakaa kwenye foleni. Simu zinazoita saa mbili usiku ni za hapo: "Baba, net imekufa."

Mwanzoni nilikuwa nabana torenti kama torenti. Nikaacha, kwa sababu programu zake siku hizi zinaficha trafiki, na mtambo ukikosea unabana mpaka mtu anayetuma kazi ya ofisi. Sasa kila nyumba ina foleni yake kwenye ruta kuu. Laini ikijaa, kila nyumba inapata fungu sawa, na ndani ya fungu lako fanya utakalo. Nimeandika hivyo kwenye grupu la wateja la WhatsApp, pamoja na saa zenyewe. Wawili waliudhika wakahama. Waliobaki hawanipigii tena usiku.

Fundi Kompyuta (Dar es Salaam)

Waya, nashukuru sana kwa maelezo haya. Ulichofanya ndicho Comcast nao waliishia kufanya. Agosti 2008 FCC, wasimamizi wa mawasiliano wa Marekani, waliwaamuru waache kulenga BitTorrent kabla ya mwaka kwisha. Wakahamia kupunguza mtumiaji mzito kwa muda laini inapojaa, bila kujali anatumia programu gani, na Oktoba mwaka huo wakaanza kutumia kikomo cha GB 250 kwa mwezi. Wapo waliokichukia kikomo hicho, lakini angalau kilikuwa kimeandikwa. Aprili 2010 mahakama ya rufaa ikasema FCC haikuwa na mamlaka ya kutoa amri ile.

Mhandisi wa Baridi (Toronto)

Mimi sikuwa huku enzi hizo, ila kazini tunazisoma hizi kesi. Kanada ilikuwa kali zaidi. Bell, kampuni kubwa ya simu na intaneti huku, walikuwa wakipunguza torenti kuanzia saa kumi na nusu jioni hadi saa nane usiku, na mwaka 2008 wakaanza kuzipunguza hata kwa wateja wa kampuni ndogo zilizokuwa zikikodi laini zao. Yaani unahamia kampuni ndogo ili uepuke, unabanwa na mwenye waya huko nyuma. Mwaka huohuo CBC, shirika la utangazaji la taifa, walitoa kipindi chao wenyewe kwa BitTorrent, na watazamaji wakalalamika kwamba hakishuki.

Oktoba 2009 CRTC, wasimamizi wa mawasiliano wa Kanada, wakaweka masharti. Mtoa huduma akitaka kubana aina ya trafiki, lazima awajulishe wateja siku 30 kabla, aeleze anabana nini, kwa nini, saa ngapi, na kasi itaathirika vipi. Mimi napenda sharti hili kuliko katazo la moja kwa moja. Bell waliacha kupunguza torenti mwaka 2012.

Bi Harusi Video (Unguja)

Assalaam alaykum ndugu zangu. Torenti mimi siitumii, lakini kubanwa nakujua. Napiga video za harusi, na jamaa za maharusi wengi wapo Maskati, wanataka waione wiki ileile. Harusi moja ikishahaririwa ni GB ishirini na kitu. Nilichukua kifurushi kilichoandikwa "bila kikomo", nikatuma harusi ya kwanza, ya pili, ya tatu ikagoma kabisa. Hata simu ya video kwa mteja haikushika. Kuuliza, naambiwa nimevuka matumizi ya kawaida. Hayo ya kawaida ni kiasi gani? Hakuna aliyenijibu, hadi nilipoyakuta mwenyewe ndani ya masharti, kurasa za chini huko. Mteja alikuwa anangoja na pesa ya mwisho hajalipa. Nimesoma hayo ya Kanada nikasema laiti na sisi tungepata hizo siku 30.

Mwalimu wa Kata (Singida)

Kwangu ilikuwa chuoni, wakati wa mafunzo. Nilitaka kupeleka Wikipedia ya nje ya mtandao, ile ya Kiwix, kwenye shule isiyo na intaneti. Ya Kiingereza yenye picha inafika GB 100, na Kiwix wenyewe wana torenti zake. Torenti ilinifaa kwa sababu umeme ukikatika unaendelea ulipoishia, na kila kipande kinahakikiwa. Mtandao wa chuo ulikuwa umezizuia zote. Niliandika barua kwa ofisi ya TEHAMA nikieleza kazi yenyewe. Wakanifungulia kompyuta moja, usiku tu, na wakaomba nakala kwa ajili ya maktaba yao. Kwa hiyo pale mnapoweza kumfikia mtu, andikeni.

Mkweli Daima (Mwanza)

Mwalimu, hiyo ya barua nimeipenda. Fundi, kuhusu VPN, wakumbushe watu kwamba tangu Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, wanataka anayeihitaji kwa kazi yake aisajili.

Fundi Kompyuta (Dar es Salaam)

Sahihi, Mkweli, tusajili.

Waya na Mnara (Nairobi)

Dada wa Unguja, mambo mawili ya kukusaidia sasa hivi. Pima kasi yako ya kupandisha, kisha weka kikomo ndani ya programu unayotumia kutuma, kama asilimia 80 ya hiyo kasi. Simu zako hazitakatika wakati faili linakwenda. Pili, waombe kwa maandishi wakutajie ni baada ya GB ngapi unapunguzwa, na unashushwa hadi kasi gani. Wakikujibu, linganisha na kifurushi cha biashara kabla msimu wa harusi haujaanza.

Bi Harusi Video (Unguja)

Ahsante kaka. Barua naiandika leo, jibu nitaliweka hapahapa.