Mati za mpira: banda la ng'ombe, duka la maziwa na chumba cha vyuma, je aina moja inatosha?

Mama Ndaga, Tukuyu

Habari zenu wakuu, na shikamooni walio wakubwa zangu. Nafuga ng'ombe wanne wa maziwa, ndani kwa ndani, sakafu ya zege. Mvua za Tukuyu mnazijua, na sasa baridi ya Juni imeingia. Alfajiri nikienda kukamua, zege limelowa na ubaridi unapenya hadi ndani ya buti. Yule mkubwa wao amevimba magoti ya mbele, manyoya yametoka, ngozi imebaki nyekundu. Akitaka kuinuka anapiga goti, anasita, anarudi kulala. Maziwa yake yamepungua. Bwana mifugo amemkagua akasema tatizo ni malazi, nimwekee kitu laini.

Nilikwenda soko la Mwanjelwa, Mbeya, kuulizia. Muuzaji akanionyesha aina nne: kapeti nyembamba ya mistari inayokatwa kwa mita, ya roli nyeusi yenye nukta za bluu, milimita 8 hadi 10, mati nzito ya futi 4 kwa 6, unene milimita 18, chini ina vinundu, na vile vipande laini vya rangi vinavyoshikana kwa meno. Anasema zote ni mpira, tofauti ni bei tu. Mimi sikuridhika.

Nina pia kibanda cha kuuzia maziwa stendi, sakafu ya vigae, na tukipima maziwa yakimwagika panateleza sana. Halafu mdogo wangu aliyeko Mbeya, mtaa wa Soweto, anafungua chumba cha kunyanyua vyuma. Anataka tununue aina moja kwa pamoja tupunguziwe. Inawezekana kweli?

Fundi Sakafu, Iringa

Kamwene mama, na pole kwa huyo ng'ombe. Punguzo lisikuvute, kazi hizo tatu hazifanani hata kidogo.

Kabla ya unene, uliza mpira wenyewe umetengenezwaje. Ile ya nukta za bluu ni matairi chakavu yaliyosagwa, chembe zikashikanishwa kwa gundi. Ina vitundu vidogo sana. Dondoshea tone la maji juu yake, subiri dakika chache. Likizama, basi na mkojo utazama, na maziwa pia, na harufu yake hakuna sabuni ya kuitoa. Hiyo ni ya mahali pakavu. Ile nzito ya milimita 18 kwa kawaida imepikwa kwa joto na salfa, uso wake umefunga, maji yanabaki juu. Ya ng'ombe ni hiyo.

Ila ipime kwa mzani kabla hujalipa. Futi 4 kwa 6 kwa unene huo, kama ni mpira mtupu, inafika kilo 40 na zaidi. Ukiona unaiinua kwa mkono mmoja, ujue ndani kuna sponji, na kwato zitaichana mapema. Kunja pia kona yake kwa nguvu uangalie mahali pa mkunjo. Penye nyufa ndogondogo, iache hapo hapo dukani.

Ng'ombe wa maziwa hulala karibu nusu ya siku, yaani jumla ya saa 10 hadi 14. Anapoinuka hunyanyua kwanza nyuma, na wakati huo uzito wote wa mbele unakuwa juu ya magoti. Fikiria magoti hayo yanavyosuguliwa na zege kila anapoinuka na kulala. Mati inampa ulaini na inamzuia kuteleza, lakini haimkaushi. Mpira haunywi mkojo. Ukiuacha mtupu, kiwele kinalala kwenye majimaji na ugonjwa wa kiwele utaingia. Tandika juu yake maranda au majani makavu ya mgomba, na huko Rungwe migomba imejaa. Yaliyolowa yatoe kila siku.

Jambo ambalo watu wengi hawalitazami ni zege lenyewe. Liwe na mteremko wa sentimita 2 hadi 3 kwa kila mita, kuelekea kwenye mfereji. Vile vinundu vya chini vimewekwa ili maji yapite. Kama sasa hivi kuna mahali maji yanatuama, mwite fundi asawazishe kwanza, ndipo ununue mati.

Dukani ile ya mistari usiweke, maziwa yataingia kwenye mistari yachachie humo. Tafuta zenye matundu mapana, kama zinazowekwa kwenye majiko ya hoteli, kipande ambacho kijana mmoja anakinyanyua. Jioni kioshwe kwa maji ya moto na sabuni, kisuuzwe, kisimamishwe kivulini. Jua la kila siku linapasua mpira.

Mfugaji wa Njombe

Mama, mimi nabisha kidogo. Natumia maranda matupu kutoka Mafinga, tabaka la kufika kifundo cha mguu, na magoti ya ng'ombe wangu ni mazima. Pesa ya mati ungenunulia pumba. Na asikudanganye mtu utandike vipande vya tairi. Ndani mna nyaya za chuma, zikichomoza zinaingia kwenye kwato. Hata mikanda chakavu ya kusafirishia mawe migodini ikague ubavuni kabla ya kununua, mingine ina nyaya hizohizo.

Fundi Sakafu, Iringa

Kwa wewe uliye karibu zaidi na viwanda vya mbao vya Sao Hill, huko Mafinga, sikupingi, mkuu. Mama yuko Tukuyu. Lori lipite Makambako, lifike Uyole, ligeuke kushuka Tukuyu, na mvua ikilinyeshea njiani amenunua matope. Tabaka nene kama lako pia linataka kujazwa kila mara kwa sababu ng'ombe hulichimba. Akiwa na mati, maranda kidogo tu yanamtosha.

Mzito wa Vyuma, Mbeya

Mama, huyo mdogo wako ndiye anayefaa kuchukua ile ya nukta za bluu. Milimita 8 hadi 10 inatosha sehemu ya mashine na mazoezi ya kawaida. Pale vyuma vizito vinapoangushwa aweke mati ya milimita 15 hadi 20, na chini yake plaiwudi nene ili pigo lisambae, zege lisipasuke. Vile vipande vya rangi asifanyie kazi ya vyuma kabisa. Vinabonyea, mguu unayumba, na mtu mwenye kilo 80 mabegani akiyumba ni mgongo. Viwe vya kona ya kunyoosha viungo. Na chumba kiwe na madirisha ya kutosha, mpira mpya unanuka.

Mama Ndaga, Tukuyu

Ndaga fijo, asanteni sana wote. Nimemwaga ndoo ya maji bandani leo: yanatuama kwenye vyumba viwili vya ndani, pamoja na cha yule mkubwa. Fundi wa zege anakuja wiki hii, na wakati huo mgonjwa nimemtandikia majani ya mgomba.

Mawili yamebaki. Mume wangu anataka kipande cha ile kapeti ya mistari mbele ya swichi kubwa ya umeme dukani, anasema mpira hauna shoti. Na hiyo mati nzito inakatwaje? Vyumba vyangu vina futi 3 na nusu kwa upana.

Fundi Umeme, Makambako

Shemeji asiitegemee hiyo, mama. Mpira mweusi una masizi ya kaboni ndani yake, na mwingine unapitisha umeme. Mati ya kujikinga na umeme hupimwa na kugongwa muhuri wa IEC 61111, kiwango cha kimataifa cha mati hizo. Daraja 0 ni ya hadi volti 1,000. Isiyo na muhuri ihesabuni kama kapeti ya kawaida. Muhimu zaidi, hapo mbele ya swichi pawe pakavu muda wote.

Fundi Sakafu, Iringa

Futi 3 na nusu ni finyu kwa ng'ombe mkubwa wa kisasa, mama. Kama mbao za kugawa vyumba zinahamishika, mpe futi 4 kwa upana na 7 kwa urefu, na mati itaingia bila kukatwa upande huo.

Ukilazimika kukata, ilaze bapa usiku mzima kwanza. Weka ubao ulionyooka juu ya alama, chora kwa kisu kikali ulichokichovya kwenye maji ya sabuni, na upite palepale mara kadhaa bila kukandamiza sana. Mtu wa pili aikunje taratibu ili mkato ufunguke mbele ya kisu, la sivyo mpira unakibana. Ukutani acha nafasi ya unene wa kidole, maana mpira ukipata joto unatanuka, na kingo zikinyanyuka ng'ombe atajikwaa.