Mada: DUI (kesi ya kuendesha gari ukiwa umelewa) ilifutwa, USCIS (idara ya uhamiaji Marekani) bado wanadai karatasi

Juma: Ndugu zangu, nimepata RFE (barua ya kudai ushahidi zaidi) kwenye N-400 yangu, fomu ya kuomba uraia. Wanataka hati ya korti yenye muhuri inayoonyesha kesi yangu ya DUI iliishaje. Kesi ilifutwa na rekodi ikafungwa, kwa hiyo nikifika dirishani karani ananiambia jina langu halipo. Siku za kujibu zinayoyoma. Aliyewahi kuipata kwa rekodi iliyofungwa, alipitia wapi?

Mama Salma: Pole mwanangu. Mdogo wangu yeye leseni ilichukuliwa na DMV (ofisi ya leseni za udereva), si korti. Hizo ni kesi mbili mbalimbali! Alikaa akimngoja hakimu, kumbe siku 10 za kuomba kusikilizwa DMV zimeshapita. Kortini akashinda, gari likabaki limeegeshwa.

Kibe: Mama, samahani, siku 10 ni California. Texas ni 15. Tusiwapotoshe vijana. Hata kikomo cha pombe kwenye damu ya dereva karibu kote ni asilimia 0.08, lakini Utah ni 0.05 tangu mwisho wa 2018.

Mama Salma: Nimeeleza ya mdogo wangu, na yuko California. Uwe unauliza kwanza.

Rehema: Kaka Juma, ilifutwa kabisa, au ulikiri kwanza ndipo ikafutwa? Ukikiri na hakimu akakupa adhabu, hata faini tu, uhamiaji wanaihesabu hatia hata jimbo likiisafisha baadaye. Binamu yangu, wakili aliyepewa na korti alimwambia akiri yaishe, wala hakumuuliza ana kadi gani ya uhamiaji. Na tangu hukumu ya Padilla ya Mahakama Kuu ya Marekani, 2010, wakili wa jinai analazimika kumweleza mteja hatari ya kufukuzwa nchini. Inaniuma mpaka leo.

Kibe: Na hatia mbili za DUI ndani ya miaka wanayokagua ukiomba uraia, tangu 2019 unahesabiwa huna tabia njema mpaka uthibitishe vinginevyo.

Mzee Athumani: Nawasoma mnavyohesabu siku na fomu. Mimi nilimzika mtoto wa dada yangu, aligongwa na mlevi hapahapa Marekani. Mwendesha mashtaka alikataa katakata kupunguza shtaka, na kila tarehe ya kesi alitupigia simu. Kwetu tungeitwa tukae na familia ya dereva tuelewane.

Rehema: Pole sana mzee wangu. Hakuna anayemtetea mlevi. Ila mtu ajue anachokiri.

Kibe: Mzee, DA wengi, hao waendesha mashtaka, wanapigiwa kura. Wengine wakati wa kampeni wanatukazia sisi wageni.

Mzee Athumani: Na akazie! Aliyeua auawe na sheria, mgeni au mwenyeji.

Bakari: Jamani, wenye viza za F-1 (wanafunzi) na H-1B (wafanyakazi): ubalozi unaweza kufuta viza kwa kukamatwa tu, hakimu hajasema neno. I-94 (rekodi ya kuingia inayoonyesha muda wa kukaa) ikiwa hai kwa kawaida unaendelea kukaa, lakini ukitoka unaomba viza upya, na huenda ukapelekwa kwa daktari wao kwanza. Msikate tiketi kabla ya kumwona wakili wa uhamiaji.