Chai ya Tieguanyin: gololi za kijani, ya kuchomwa au ile ya kizamani?

Mzigo_GZ
Wakuu habari zenu. Niko Guangzhou kwenye mambo ya mizigo, huku ukiingia dukani kabla ya bei unamiminiwa chai, sasa nimenogewa. Jana soko la chai nimeonyeshwa Tieguanyin tatu: gololi za kijani ngumu saizi ya dengu, nyingine ya kahawia imechomwa, na ya tatu majani yamejikunjakunja tu hayajabana, muuzaji anasema ndo ya kizamani. Mi nikajua ananipiga na mabaki. Nichukue ipi?

kikombe_kidogo
Sio mabaki mkuu. Kwao Anxi, mkoa wa Fujian, zamani majani yalifungwa kwenye kitambaa yakafinyangwa kwa mikono na miguu, yanatoka kichwa kimevimba na mkia unaning'inia, Wachina wanasema kichwa cha kereng'ende, mguu wa chura. Zilipokuja mashine za kukaza kitambaa ndo ikawa gololi, na gololi inaingia vizuri kwenye vile vipakiti vya gramu 7 visivyo na hewa.

MamaBirika
Chukua ya kuchomwa baba. Ya kijani inanukia maua haswa, siibishii, ila nikiinywa asubuhi kabla sijala tumbo linanikata, na inataka friji. Ya kuchomwa inakaa kabatini tu, maji yachemke kweli, wala usiyaache yapoe.

Mzigo_GZ
Kwa hiyo umbo halisemi kitu?

jani_bichi
Linasema kidogo. We subiri lilowe ulikunjue kwenye sahani. Anxi hiyohiyo wana chai nyingine, Huang Jin Gui, Mao Xie na Ben Shan, zote wanazifinya gololi moja, kavu huzijui. Tieguanyin jani nene, ukingo una mawimbi, ncha imepinda upande. Mao Xie ukingo kama msumeno. Huang Jin Gui jani jembamba la kimanjano. Ben Shan ndo kimbembe, imefanana na Tieguanyin mpaka wazoefu wanaingia mkenge. Na ukiona ukingo umechanikachanika usishtuke, za kijani za siku hizi wanapukutisha ule wekundu wa pembeni ili maji yatoke meupe.

kikombe_kidogo
Hapo kwenye kupukutisha ndo walipoiharibu, ule wekundu una utamu wake. Halafu kuna za mashine ya kugandamiza, wanabana mzigo mzima kama tofali kisha wanabomoa, jani linatoka bapa limevunjika.

MamaBirika
@kikombe_kidogo we kila kipya kwako kimeharibika 😂

Mzigo_GZ
Nimerudi. Nimebeba nusu kilo ya kuchomwa na vipakiti vichache vya kizamani. Gololi za kijani nilipewa za kuonja, nimezilowesha sasa hivi nikakunjua moja kwenye sahani: ncha imenyooka, ukingo msumeno mtupu. Na bei aliyonitajia ilikuwa ya Tieguanyin.