Umeme ukirudi kompyuta za lebu zinawaka kabla ya seva, folda ya NFS haikamati. Naombeni ushauri

mwalimu_arua
Habari zenu wakuu. Nafundisha kompyuta sekondari moja huku Arua, lebu ina mashine 14 zote Ubuntu, na seva moja ya Debian ndo inatunza kazi za wanafunzi wote. Folda ya kwenye seva ni /srv/wanafunzi, naishea kwa NFS (njia ya kushea folda kupitia netiweki), na kila mashine inatakiwa iione kwenye /mnt/wanafunzi. Kwenye fstab (faili inayoiambia mashine imaunti, yaani iunganishe, folda gani ikiwaka) nimeandika hivi:

`192.168.1.10:/srv/wanafunzi /mnt/wanafunzi nfs defaults 0 0`

Siku umeme umetulia hakuna shida kabisa. Shida ni ukikatika halafu ukarudi, zote zinawaka kwa mpigo, seva ni ya zamani inakagua diski zake kwanza kama dakika tatu, hizi zingine zina SSD zinaiwahi, basi zinakwama zinahesabu mpaka dakika moja na nusu halafu zinafungua login bila folda. Nikaweka cron ya @reboot (amri inayojiendesha yenyewe mashine ikiwaka) inayosubiri sekunde 200 ndo ifanye mount -a, nikaona nimemaliza.

Wiki iliyopita watoto wa S6 (kidato cha sita) walikuwa kwenye mazoezi ya vitendo ya Sub ICT (somo lao la kompyuta), umeme ukakatika ukarudi, wakaingia fasta wakaanza kusevu kazi. Baada ya muda kidogo wanafungua folda wanaona vitu vya jana tu, vya leo hakuna. Binti mmoja alilia mpaka nikakosa la kumwambia. Na jioni tena nikizima seva, mashine za wanafunzi zinagoma kuzima, skrini nyeusi, tunashikilia kitufe mpaka zife. Naombeni njia ya uhakika, mtihani hauko mbali.

fundi_jinja
Pole sana mwalimu. Kabla ya yote USIFUTE kitu kwenye hizo mashine, naamini kazi za watoto zipo.

Iko hivi, /mnt/wanafunzi kabla haijamaunti ni folda ya kawaida tu ndani ya diski ya mashine yenyewe. Watoto waliingia seva bado haijaamka, wakasevu humo humo, halafu cron yako ikaja ikamaunti NFS juu yake, ile ya chini ikafunikwa. Ni kama umetandika mkeka juu ya karatasi, karatasi haijaenda popote. Fanya hivi kwa kila mashine bila hata kuondoa NFS:

`sudo mkdir /mnt/chini`
`sudo mount --bind / /mnt/chini`
`ls -l /mnt/chini/mnt/wanafunzi`

Swali moja ssebo, uliwahi kufanya chmod 777 kwenye hiyo folda? Kawaida ni ya root (msimamizi wa mashine), mwanafunzi angekataliwa kuandika na ungejua mapema kwamba kuna shida.

mwalimu_arua
Ndiyo nilifanya, mwanzoni zilikuwa zinagoma kuandika nikafungua ruhusa yote. Ngoja nikimbie lebu.

mwalimu_arua
ZIPO!! Mashine 11 kati ya 14 zina mafaili ya siku ile, na ya yule binti ipo yote, spreadsheet yake nzima. Nimeshaanza kunakili kwenda seva. Mungu akubariki ndugu yangu, sijui hata niseme nini.

fundi_jinja
Sifa kwa Mungu. Ukishanakili na kuhakikisha zimefika, ondoa maunti, safisha ile folda ya chini, halafu ikiwa tupu na NFS haipo ifunge kwa `sudo chattr +i /mnt/wanafunzi`. NFS itaendelea kumaunti juu yake vizuri tu, lakini siku ambayo haijamaunti hata root hawezi kuandika humo. Mwanafunzi ataona kosa papo hapo na atakuita, hatapoteza lisaa lizima la kazi.

nnyabo_seva (Mbale)
Mwalimu ile cron ya sekunde 200 itoe. Leo seva inachukua dakika tatu, kesho diski ikiwa na makosa itachukua kumi, utaendelea kuongeza sekunde mpaka lini? Usilazimishe kumaunti wakati wa kubuti, acha imaunti pale mtu anapoigusa folda. systemd (programu inayosimamia kuwasha na kuzima kwa Linux) inafanya hiyo kazi yenyewe kwa automount, badilisha mstari wako wa fstab uwe hivi:

`192.168.1.10:/srv/wanafunzi /mnt/wanafunzi nfs4 hard,noauto,_netdev,x-systemd.automount,x-systemd.mount-timeout=30 0 0`

Hiyo noauto isikutishe, ni kwamba mashine haitasubiri NFS ikiwa inabuti, ila automount yenyewe itawekwa tayari. Seva ikiwa bado imelala, mwanafunzi akifungua folda atasubiri sekunde 30 apate kosa, na hawezi kuandika chini kimakosa kwa sababu automount imekaa mlangoni. Seva ikiamka akijaribu tena inafunguka, wewe hujagusa kitu. Baada ya kubadilisha:

`sudo umount /mnt/wanafunzi`
`sudo systemctl daemon-reload`
`sudo systemctl start mnt-wanafunzi.automount`

Usiruke hiyo umount, automount inakataa kuanza kama pale pameshamauntiwa.

kijana_wa_gulu
Mimi ningeweka soft badala ya hard, mashine hazitagoma tena kuzima, seva isipojibu inakata tamaa maisha yanaendelea.

mzee_wa_yuniksi (Kampala)
Hapana mwanangu, kwa kazi za watoto hapo sikubali. Soft ikikata tamaa katikati ya kuandika, programu inarudishiwa kosa, na programu nyingi hazilishughulikii vizuri, unabaki na faili nusu. Hard inasubiri mpaka seva irudi halafu inaendelea palepale ilipoachia. Soft iweke kwenye folda ya kusoma tu.

Mwalimu, kuhusu kuzima. Ni utaratibu ule ule wa kuwasha ila kinyumenyume, maunti inaondolewa kwanza, netiweki inafuata. NFS ilitoka Sun mwaka 1984, na enzi zetu tulikuwa na skripti za S za kuwasha na za K za kuzima, kila moja na namba yake, ukikosea namba netiweki inazimwa kabla ya NFS kutoka na mashine inaganda kama zako. systemd inapanga hiyo foleni yenyewe ikijua ni faili za netiweki, yenyewe inatambua kwa neno nfs, na _netdev inakazia tu.

Sasa wewe unazima SEVA kwanza. Klaienti (mashine ya mwanafunzi) ina data haijaandikwa, inabisha mlango na ndani hakuna mtu, na kwa hard itabisha mpaka asubuhi. Zima za wanafunzi zote kwanza, seva iwe ya mwisho. Kuwasha ni seva kwanza. Ikitokea seva imeshazimika na klaienti imeganda, jaribu `sudo umount -f -l /mnt/wanafunzi` kabla ya kushikilia kitufe. Na kama shule ina hela ya UPS (betri ya akiba) moja tu, iende kwenye seva.

mwalimu_arua
Asanteni wazee wangu. Jana nimebadilisha zote 14, nikazima swichi kuu makusudi nikawasha. Mashine 11 zimebuti moja kwa moja na folda ikafunguka seva ilipoamka. Lakini tatu za nyuma zinakataa mpaka mtu aingie kwanza kwenye desktop, na hizo ndo zinachelewa kuzima hata seva ikiwa hewani.

busia_mpakani
Hizo tatu ziko kwenye waifai?

mwalimu_arua
Ndiyo, kebo haikufika.

busia_mpakani
Basi ndo hapo. Waifai imeunganishwa kwa jina la mtu mmoja, nywila iko kwenye akaunti yake, kwa hiyo netiweki inakuja akiingia na inaondoka akitoka, yaani ukizima mashine, netiweki inatangulia kuondoka, NFS inabaki inaning'inia. Ingia kwenye mipangilio ya hiyo waifai, weka tiki kwamba watumiaji wote wa mashine waruhusiwe, andika nywila upya. Ila ukipata mita kadhaa za kebo vuta tu, stima yenyewe ndo hiyo, ruta nayo inachukua muda wake kuamka.

mwalimu_arua
Nimeweka tiki kwa zote tatu, nimezima na kuwasha mara nne, zimekubali na zinazima haraka. Kebo nitaomba kwa mhasibu Jumatatu. Yule binti leo amemalizia spreadsheet yake.