Kikundi cha familia: Wana wa Bi Mize, Kibokoni

Shangazi Rukia (saa 2:10 asubuhi): Assalamu alaikum, jamaa zangu. Nimeandika tangu Ijumaa. Waliosoma ni wengi, waliojibu ni wawili. Salma amechagua uhandisi wa meli, na maombi ya KUCCPS, wale wanaowapangia wanafunzi vyuo, hayatatusubiri. Kozi ipo katika Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, hapa Tudor, na ipo pia JKUAT, Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta, kule Juja karibu na Nairobi. Naomba kila nyumba iseme itatoa nini.

Ami Swaleh (2:31): Waalaikumu salaam. Juja? Mtoto aiache Kilindini, asafiri usiku kucha, akajifunze meli mahali ambapo maji mengi huonekana mvua ikinyesha?

Mwanakombo (2:33): Ami, wewe hutapika feri ya Likoni ikiwa bado haijaacha gati. Ya bahari tuachie.

Ami Swaleh (2:34): Siku ile nilikuwa nimekula mahamri yaliyolala.

Shangazi Rukia (2:40): Mahamri tuyaache, tafadhalini. Hashim, wewe uliye chomboni, mweleze Mama Salma kazi zenyewe, maana anadhani mwanawe atabeba magunia.

Hashim (saa 8:55 mchana): Shikamoo, Shangazi. Niwieni radhi, nilikuwa zamu. Mhandisi wa meli haongozi chombo. Hiyo ni kazi ya nahodha na maafisa wa sitaha. Yeye ana chumba cha injini: mtambo mkuu, jenereta, pampu, boila, hata mashine ya kutenganisha mafuta na maji machafu. Huanza akiwa mhandisi wa nne au wa tatu, akapanda kuwa wa pili, kisha mkuu. Asiyependa kukaa baharini huingia karakana za meli, kreni za bandarini, au ukaguzi wa vyombo katika mashirika kama Lloyd's Register. Pia kuna kazi ya mitambo ya methanoli na amonia, kwa kuwa mwaka 2023 nchi wanachama wa IMO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa bahari, zilikubaliana kwamba gesi joto za meli zifikie sufuri halisi kufikia 2050 au karibu na hapo.

Hashim (9:02): Lakini shahada peke yake haimruhusu mtu kusimamia zamu. Mkataba wa STCW wa 1978, ule wa kimataifa wa mafunzo na vyeti vya mabaharia, unamtaka aliye katika mpango ulioidhinishwa apate mafunzo ya karakana na huduma ya baharini, kwa jumla miezi isiyopungua 12, yote yakiandikwa katika kitabu cha mafunzo, na ndani yake awe ameshika zamu ya injini miezi 6 chini ya usimamizi. Asipokuwa na hayo, KMA, mamlaka ya bahari ya Kenya, haiwezi kumpa cheti cha umahiri.

Mama Salma (9:20): Hapo ndipo ninapoogopa. Tulimchangia Faraji kwa masomo haya haya, shamba la Mtwapa likauzwa, na yule wakala aliyeahidi meli hajaonekana mpaka leo.

Faraji (saa 11:47 jioni): Ninasoma yote, Ma Mdogo. Waliolia zaidi juu ya shamba lile ndio ambao hawakuchanga.

Shangazi Rukia (11:48): Unanisema mimi?

Ami Swaleh (11:50): Aliyetoa mbuzi ahesabiwe?

Babu Athumani (saa 1:15 usiku): Nimesomewa maneno yenu yote. Salma asikatwe miguu kwa kosa la wakala. Faraji hakushindwa darasani, alikosa chombo. Kwa hivyo isichangwe hata shilingi moja mpaka chuo kijibu kwa maandishi ni nani humpeleka mwanafunzi melini, na katika mwaka wa ngapi. Na Hashim naye alete majina ya kampuni zinazochukua makadeti, hao wanafunzi wa melini. Atakayekwenda kuuliza ni Faraji, kwa sababu yeye ndiye ajuaye wapi tulidanganywa. La shamba nisilisikie tena nikiwa hai.

Shangazi Rukia (1:40): Tumesikia, Baba.

Mwanakombo (1:41): Tumesikia, Babu.

Shangazi Rukia (2:05): Basi tukutane Jumamosi baada ya Alasiri, kwangu.

Ami Swaleh (2:09): Jumamosi nina harusi Kisauni.

Hashim (3:30): Majina nitayatuma tukifika bandarini, mtandao wa huku ni wa kubahatisha.

Salma (3:44): Shikamooni nyote. Fomu inataka chaguo la pili. Niweke Juja, au niliache wazi mpaka chuo cha Tudor kijibu?

Shangazi Rukia (3:46): Usiliache wazi, mwanangu. Faraji, kesho utakwenda Tudor au hutakwenda? Nakuona umesoma.