Intavyu Kisumu mwezi ujao, cheti kimekwama, na sijakaa mbele ya jopo tangu 2011

Nyar Dunga (Leeds):
Wapendwa, hamjambo. Poleni na zamu za usiku. Nimeitwa intavyu Kisumu, nafasi ya kufundisha uuguzi katika chuo fulani, na wanataka nifike mwenyewe, si kwa video. Nimefurahi kweli, maana mama amezeeka na nimechoka kumwona kwenye simu.

Sasa ofisi moja kati ya zile tano zinazotoa vyeti vya uadilifu vya Sura ya Sita ya Katiba imenirudishia ombi. Kitambulisho kina jina la baba, pasipoti ina jina la ndoa. Nimeandika barua pepe, kimya. Nikipiga simu inaita mpaka inakatika.

La pili ndilo linaloninyima usingizi. Tangu 2011 niko hospitali moja. Wakubwa wangu wananijua, hakuna anayeniuliza mimi ni nani. Jopo likisema "tueleze kukuhusu" nitaanzia wapi? Mliorudi, mlijiandaaje?

Baba Mapacha (Nakuru, zamani Birmingham):
Hongera dada. Jina ni afidaviti tu, uape kwamba majina yote mawili ni yako, uambatishe cheti cha ndoa. Usihangaike na simu.

Ila anza na KRA, watu wa kodi, kabla ya zote. Mwenye PIN, yaani namba ya kodi, anatakiwa kuwasilisha ritani kufikia 30 Juni kila mwaka, hata kama ni sufuri, na kila mwaka uliorukwa una faini, siku hizi ni 2,000. Hesabu mwenyewe tangu 2011. HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, nayo isikupite hata kama ulimaliza kulipa zamani, unahitaji cheti. CRB ya rekodi za madeni, EACC ya kupambana na ufisadi, halafu DCI kwa cheti cha tabia njema: 1,050 kwenye eCitizen, na fomu ya alama za vidole, C24, uichapishe pande mbili za karatasi moja. Kuna jirani yangu hapa Section 58 aliyechapa karatasi mbili akarudishwa nyumbani na Huduma Centre iko wazi.

Mwana wa Kakamega (Minneapolis):
Baba Mapacha, usimtie dada wa watu presha. Sheria ya ajira ilirekebishwa 2022. Mwajiri haruhusiwi kudai vyeti hivyo kabla hajaamua kukuajiri. Kwanza kazi, ndipo makaratasi. Tumekuwa tukiwatoza vijana wasio na kazi maelfu ya shilingi ili waombe kazi, na wengi hawaitwi hata siku moja. Sheria ile ilikuja kuondoa dhuluma hiyo, tusiwe sisi wa kuirudisha.

Baba Mapacha:
Ndugu yangu, sheria naijua. Wewe uko Minneapolis, mimi niko hapa. Siku ya intavyu karani anakaa mlangoni na orodha. Utamsomea sheria ukiwa umevaa suti na wenzako kumi wameshika faili zao? Aende na vyeti.

Mwana wa Kakamega:
Ndiyo maana hatusongi. Kila mtu anaijua haki yake na kila mtu anainama mlangoni.

Mama Pendo (Reading):
Jamani, dada ameuliza mambo mawili, mmejibu moja na nusu. Mimi nilikaa mbele ya jopo Kenya mwaka jana, acheni niseme.

Hawataanza na wadi yako ya Leeds. Watakupima kama bado unaijua Kenya. Niliulizwa kazi za kaunti katika afya chini ya Jedwali la Nne la Katiba, na kwa nini hospitali za rufaa za kitaifa zilibaki na serikali kuu. Niliulizwa kuhusu wahamasishaji wa afya ya jamii. Ukitaja NHIF, bima ya afya ya zamani, kama kitu kilicho hai, watatazamana. SHA iliyochukua nafasi yake imeanza Oktoba 2024, ni asilimia 2.75 ya mshahara. Leseni yako ya NCK, baraza la wauguzi la Kenya, nayo iwe hai, hiyo ya NMC ya Uingereza haitakufundishia mtu Kisumu.

Kuhusu kukaa mahali pamoja, usiombe msamaha. Wadi ni ile ile lakini kazi haikuwa ile ile. 2020 peke yake ilikufunza mambo mangapi? Nani aliyewapokea wanafunzi wa mazoezi kila muhula? Hao wanafunzi ndio intavyu yako, kwa sababu unaomba kufundisha. Chukua mmoja, eleza alikuja akiogopa nini, ulifanya nini, aliondoka akiweza nini. Nikitoka zamu nitaandika vile nilivyojibu swali la udhaifu, hilo ndilo gumu kuliko yote.

Mzee wa Milimani (Kisumu, zamani Coventry):
Mama Pendo, usimpoteze mtoto. SHA ni mamlaka. Asilimia 2.75 ni mchango wa SHIF, mfuko wa bima unaosimamiwa na SHA. Akisema hivyo mbele ya jopo watamkata alama.

Na hiyo 2.75 haina kikomo cha juu. NHIF ilikomea 1,700 kwa mwezi. Akipata mshahara wa mhadhiri ataiona kwenye payslip. Sisemi asirudi. Nasema arudi akijua. Vijana wa UHC, ule mpango wa afya kwa wote, waliandikwa kwa mkataba 2020, na waliandamana miaka wakidai ajira ya kudumu. Afya iligatuliwa 2013 na mpaka leo muuguzi ni mpira kati ya serikali mbili. Binti yangu, ukiitwa, uliza mkataba ni wa muda gani kabla hujakabidhi kazi ya Leeds.

Nyar Dunga:
Asanteni wote, Mzee shikamoo. Afidaviti nimeapa kwa notari wa hapa, naituma leo. Ritani nimeanza, faini ipo. Mzee, pale Russia, hospitali ya rufaa ya Kisumu, bado akina mama wanauza ndizi nje ya geti? Nilifanya mazoezi pale, nilikuwa nikila ndizi zao kabla ya zamu.

Mzee wa Milimani:
Wapo. Geti ndilo lenye shughuli zaidi. Lakini Lwang'ni ile ya zamani, pale pa kula samaki ufuoni, usiitafute, ilibomolewa 2019. Kwa samaki nenda kwenu Dunga.

Mama wa Menengai (Dubai):
Lwang'ni ilibomolewa? Mimi nilichumbiwa pale.

Baba Mapacha:
Na Nakuru sasa ni jiji tangu 2021, mje muone msongamano.

Nyar Dunga:
Mama Pendo, bado nasubiri lile swali la udhaifu. Na nikiulizwa kwa nini naondoka baada ya miaka yote hiyo, kumtaja mama ni vizuri au wataona sina nia na kazi?

Mwana wa Kakamega:
Dada, unasafiri tarehe ngapi? Nina miwani ya mzee wangu iko Uingereza kwa binamu, inatakiwa ifike Mumias. Ni kasha dogo tu, haizidi nusu kilo.