Lambo la marehemu baba linavuja chini ya tuta, na korongo taji wana mayai. Nifanyeje?

Afande_Mstaafu (Nakasongola, Uganda): Wakuu, habari za leo. Nimestaafu jeshi, nimerudi kwenye ng'ombe wa marehemu baba. Lambo lake ni la tuta la udongo, alilichimbisha kabla sijaanza shule. Mchoro wala karatasi hakuna. Upande wa juu mafunjo yamejaa, na humo ndimo wanamotaga korongo taji, ndege wa bendera yetu.

Tangu mvua zianze, nyuma ya tuta pamelowa. Nikikanyaga, buti linazama hadi kifundoni, na kuna kishimo cha kuingia kidole kinachobubujika kama chemchemi. Juu ya tuta pana mikuyu miwili minene na kichuguu. Kaka anataka tulipasue, tulime mahindi. Fundi mmoja anasema nishindilie udongo kwenye kishimo, ning'oe na mikuyu. Mayai bado hayajaanguliwa.

Fundi_Kitui: Afande, huo udongo usiutie! Ukiziba mdomo, maji yatatokea pengine usipopaona. Kinga maji ya hapo kwenye chupa, yaache yatulie saa moja. Yakibaki maangavu, linavuja tu kama matuta mengi ya udongo. Likitua tope, tuta linaliwa kwa ndani. Mwaga mchanga safi wa mto juu ya kishimo, halafu kokoto, halafu mawe, ili maji yapite na udongo ubaki. Mikuyu iache kwanza. Mizizi ikitoka inaacha mapango.

Bwana_Kahawa: Kaka yuko sahihi. Ndege hawalipi karo.

Nyabo_Kiboga: Na ng'ombe wake kiangazi wanywe mahindi? Afande, nani anaishi chini ya tuta? Mwambie mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji, leo hii, kisha ofisi ya maji wilayani wakuletee mhandisi. Na hayo mafunjo, ukiyalima utakutana na NEMA, mamlaka ya mazingira.

Afande_Mstaafu: Nimerudi. Chupa ina tope, unene wa ukucha. Huko chini kuna nyumba nne, moja ya mpwa wangu. Mchanga na mawe tumeshamwaga. Maji nayashushaje?

Fundi_Kitui: Watu wahame kwanza. Halafu zibua utoro, ile njia ya maji ya ziada pembeni. Naapa umeota nyasi. Maji yashushe polepole kwa mpira wa kunyonya unaopita juu ya tuta. Ukiyatoa kwa pupa, ubavu wa ndani uliolowa unaporomoka. Mayai sikudanganyi: kinachoyalinda ni maji yanayozunguka kiota. Yakipungua, mbwa watafika kwa miguu. Zungushia miiba, na ng'ombe wanyweshee upande wa pili.

Afande_Mstaafu: Mpwa kagoma kidogo, lakini leo wote wanalala kwa shangazi. Utoro kweli ulikuwa kichaka, hata bata wamo. Mpira nimeazima kwa waosha magari, wa inchi mbili. Unatosha?

Fundi_Kitui: Tafuta mingine miwili. Na usiku kaa na tochi hapo kwenye kishimo.